Samaki wa Mawe wa Ikola na Ndugu Zake

 Mazungumzo haya nayaanza na debe la maji.

Likizo moja nilikuwa Ikola, kijiji kilichoko pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya Karema. Asubuhi alinijia kijana mmoja, mwanafunzi wangu, amechukua debe kichwani. Akalitua, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?" Akaniambia nichungulie. Ndani ya maji niliona samaki wawili, kila mmoja urefu wake kama kiganja cha mkono. Umbo lao lilikuwa moja: kichwa kizito, paji lililoteremka, mdomo ulioelekea chini kidogo. Lakini nguo zao zilikuwa mbali mbali. Wa kwanza alikuwa mweusi kama makaa, naye amejifunga mkanda mpana wa manjano katikati ya mwili. Wa pili alikuwa na rangi ya majani yaliyoanza kukauka, wala hana mkanda wo wote.

"Huyu mwenye mkanda ni wa hapa hapa, kwenye mawe yetu," akasema. "Na huyu mwingine, mjomba amemleta kwa mtumbwi kutoka upande wa milima ya Mahale. Nataka kujua, Mwalimu, hawa ni kabila moja au makabila mawili? Ukiisha kunijibu nitammwaga mgeni huyu hapa pwani, wazaane na wetu, tuone watazaa nini."

Nilimwomba asimwage kitu mpaka jioni. Niliyomwambia siku ile ndiyo nitakayowaambia ninyi, na mengine nimeyaongeza.

Samaki huyu wataalamu humwita Tropheus. Katika miaka ya 1890 Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, alisafiri mpaka ziwani akikusanya viumbe vya majini. Na mwaka 1898 G. A. Boulenger, mtaalamu wa samaki katika jumba la makumbusho la London, akamwandika samaki wa mawe kwa jina la Tropheus moorii, kwa heshima ya yule msafiri. Tangu hapo watu wamezunguka pwani zote nne, ya Tanzania, ya Burundi, ya Kongo na ya Zambia, nao wamehesabu namna zaidi ya 100 za rangi zake. Huko Moliro, kusini upande wa Kongo, ni mwekundu. Ikola ni mweusi mwenye mkanda wa manjano. Wafanya biashara wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani humwuza kwa jina la pwani alikotoka, hata jina la Ikola hutajwa na watu ambao hawajui Mpanda iko wapi.

Basi, kwa nini dagaa wa Ikola na dagaa wa Kigoma hatuwezi kuwatofautisha sokoni, na mgebuka ni mgebuka po pote, lakini samaki wa mawe hubadilika kila baada ya mwendo wa mtumbwi?

Jibu limo katika maisha yake. Dagaa na mgebuka hukaa katika maji mapana, nao husafiri. Samaki wa mawe hula ule utando wa kijani unaoota juu ya miamba, tena hula mchana kutwa; na adui akitokea hujificha katika nyufa za mawe yale yale. Kila mmoja, dume kwa jike, ana shamba lake dogo juu ya jiwe, naye humfukuza jirani anayevuka mpaka. Mbele ya ghuba yenye mchanga, au mlango wa mto wenye matope, yeye husimama kama mtu asimamavyo ukingoni mwa jangwa: hakuna chakula, hakuna pa kujificha. Kwa hiyo havuki. Wala watoto wake hawachukuliwi na maji. Jike hutaga mayai machache, kwa kawaida hayafiki 20, lakini ni makubwa, karibu kama punje za mbaazi. Huyaweka kinywani mwake, akayalea humo muda wa kama mwezi mmoja, na watoto watokapo wamekwisha kuwa samaki kamili, nao hukaa pale pale walipozaliwa. Hivyo kila mlima wa mawe uliozungukwa na mchanga ni kisiwa, ijapokuwa wote wamo katika ziwa moja.

Tuseme watu wa mawe haya wametengana na watu wa mawe yale kwa miaka elfu nyingi. Hakuna mtoto aliye sawa kabisa na wazazi wake. Huku huzaliwa mmoja aliyezidi manjano kidogo. Majike wakimpenda, au manjano yale yakimsaidia kwa njia nyingine, huacha watoto wengi kuliko wenziwe. Mara nyingine hakuna hata sababu: bahati tu hukuza rangi moja na kufuta nyingine, hasa mahali ambapo samaki ni wachache. Kule ng'ambo ya mchanga mambo huenda njia nyingine. Mwaka hata mwaka tofauti hujikusanya, kidogo kidogo, mpaka mvuvi akitazama debe anajua hawa si wa mahali pamoja.

Mfano wa karibu ni lugha zetu. Mbende na Mtongwe wakikutana njiani husikilizana, kwani Kibende na Kitongwe ni maneno yaliyotoka nyumba moja. Je, ni lugha moja au mbili? Ukimwuliza Mbende atakupa jibu moja, na mwenye kamusi atakupa la pili. Kifipa ni mbali zaidi, lakini bado Mbende husikia neno hili na hili akalijua. Hakuna siku ambayo mtu anaweza kuionyesha kwa kidole akasema, jana ilikuwa lugha moja, leo zimekuwa mbili. Ndivyo ilivyo kwa samaki hawa. Wengine wamekwisha kuwa makabila mbali mbali bila shaka, kama yule aitwaye Tropheus duboisi, ambaye katika sehemu za kaskazini ya ziwa huishi pamoja na ndugu yake juu ya miamba ile ile, yeye akishuka kwenye maji ya chini zaidi, na hawachanganyiki. Wengine wako katikati ya safari. Kijana wangu aliniuliza swali ambalo wataalamu wenyewe hulibishania.

Msidanganywe na nguo, lakini. Kule Kiriza, upande wa Kongo, mbali kaskazini, wako samaki wa mawe weusi wenye mkanda wa manjano kama wa Ikola. Mkanda wa namna moja hautoshi kuthibitisha udugu wa karibu, kama vile watu wawili waliovaa kanzu si lazima wawe wana wa baba mmoja. Ndiyo sababu siku hizi wataalamu hutazama vinasaba, yaani yale maandishi ya urithi yaliyomo katika kila chembe ya mwili. Mwaka 1992 Christian Sturmbauer na Axel Meyer walitangaza jambo la ajabu. Walisoma urithi wa samaki wa mawe wa pwani nyingi, wote wa umbo moja kama mlivyosikia, wakaona kwamba tofauti zilizomo ndani ya jamaa hii moja ni mara mbili ya zile zilizomo katika jamaa zote za namna hii za Ziwa Nyasa, ambazo zina maumbo ya kila aina. Umbo limesimama, urithi umekwenda mbali.

Ziwa lenyewe lina umri wa kuwafaa. Marefu yake ni kama maili 420, kina chake ni kama futi 4,800, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hata 12. Samaki wa jamaa ya perege waliomo humo wapata makabila 240, na karibu wote hawapatikani po pote pengine duniani. Hata kuhe, mnayemjua kwa kitoweo, ni wa jamaa hiyo, naye ndiye mkubwa kuliko wote. Lakini maji hayakukaa mahali pamoja. Nyakati za ukame mkubwa ziwa lilishuka kwa mamia ya futi, mawe yaliyokuwa kisiwa yakabaki nchi kavu, samaki wakateremka pamoja na ukingo wa maji, na watu wa pwani mbili wakajikuta kwenye mwamba mmoja. Mvua ziliporudi wakatawanyika tena. Katika vinasaba vya samaki wa leo alama za mikutano ile bado zaonekana: damu ya hawa imo katika hawa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye machotara. Mfano tunaoujua tangu zamani ni nyumbu wa kazi, mtoto wa punda na farasi, mwenye nguvu lakini tasa. Kwa mfano huo wengi hudhani kwamba makabila mawili ya wanyama hayawezi kuzaa kizazi chenye kuendelea. Kwa farasi na punda ni kweli. Kwa samaki wa jamaa ya perege si kweli: waliotengana kwa miaka elfu nyingi wakiwekwa pamoja mara nyingi huzaa, na watoto wao huzaa pia. Basi kama uzazi haukufungwa, ni nini kinachowazuia wasiwe uji mmoja?

Jaribio lilifanyika bila mtu kukusudia. Katika ghuba ndogo ya bandari huko kusini kabisa ya ziwa, samaki wa mawe wa pwani kadhaa, wa rangi mbali mbali, waliwekwa pamoja kwa ajali ya mkono wa mtu, nao wakakaa na kuzaana. Wataalamu walikwenda miaka mitatu mfululizo, wakachunguza rangi na urithi wa samaki karibu 500, wakatangaza habari zao mwaka 2006. Kizuizi cha mchanga kilikuwa kimeondoka, lakini samaki hawakuoana ovyo. Kwa sehemu kubwa mwenye rangi alimtafuta mwenye rangi ya kufanana na yake. Jambo hili si la kustaajabisha ukiisha kujua desturi yao, maana jike huhamia katika shamba la dume akakaa naye siku nyingi kabla ya kutaga; ana nafasi ya kutazama. Hata hivyo ukuta huo ni wa macho tu, wala si wa mawe. Ambapo rangi zakaribiana, ukuta ni mfupi.

Na macho yanahitaji nuru. Twende sasa Ziwa Viktoria. Huko kuna samaki wadogo waitwao furu, jamaa ya hawa wetu. Karibu na Mwanza, penye kisiwa cha Makobe, wako furu wawili wa karibu sana: dume la mmoja ni la buluu, dume la mwingine ni jekundu mgongoni. Yule mwekundu aliitwa nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Wa buluu hukaa juu, mwekundu hukaa chini zaidi, kwa kuwa katika maji ya ziwa lile nuru nyekundu ndiyo inayoshuka chini kuliko ya buluu, na macho ya kila mmoja yamezoea nuru ya mahali pake. Jike humchagua dume kwa rangi. Penye maji safi makabila haya mawili huishi pamoja, kila moja na lake. Lakini ukiingia ndani ya ghuba ambako maji yamechafuka kwa matope na uchafu, wa buluu na wekundu hupungua, na mahali pao wamejaa samaki wa rangi ya kijivu, si wa huku wala wa huku. Majike hawawezi kuona wanachokichagua. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba maji machafu peke yake yanatosha kufuta makabila, bila samaki hata mmoja kuuawa. Hayo ni mbali na furu walioliwa na sangara, samaki mkubwa aliyepandwa katika ziwa lile miaka ya 1950, aliyewamaliza wengi sana.

Nisingependa mfikiri kwamba chotara ni msiba siku zote. Ziwa Viktoria lilikauka, likajaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita, na katika muda huo mfupi wametokea furu wa makabila yapatayo 500. Mbio hizo ziliwashangaza watu. Mwaka 2017 vinasaba vilitoa sehemu ya jibu: mababu wa furu hawa walikuwa machotara wa jamaa mbili, moja ya upande wa Kongo na moja ya upande wa Naili, zilizokutana zamani sana kabla ya ukame ule. Mchanganyiko uliwapa mali nyingi ya urithi, kama mtu aliyerithi masanduku mawili ya vyombo vya useremala, naye aweza kutengeneza vitu ambavyo mwenye sanduku moja hawezi. Tofauti ni hii: kule palikuwa na ziwa jipya, tupu, lenye nafasi elfu za kukaa. Hapa kwetu nafasi zimekwisha kujaa.

Jinsi zilivyojaa ni habari tamu, nami ningependa kuikawilia. Piga mbizi kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika, utaona makabila mengi yamebanana kwenye mwamba mmoja, nawe utajiuliza wanakulaje. Samaki wa mawe wetu ana meno ya kunyofoa nyuzi za kijani. Jirani yake aitwaye Petrochromis ana meno mengi kama brashi, naye huchana vumbi la mimea lililobaki kati ya nyuzi zile. Mahali mawimbi yanapovunjika yuko mwingine mdogo, Eretmodus, ambaye kibofu chake cha hewa kimepungua, hivyo hushikamana na jiwe asipeperushwe. Yuko hata mwizi, Perissodus, ambaye chakula chake ni magamba ya samaki wengine, huyabandua wakiwa hai! Mdomo wake umepinda. Aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto, na aliyepinda kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Mjapani Michio Hori alieleza mwaka 1993 kwamba hesabu ya wa kulia na ya wa kushoto hupishana daima karibu na nusu kwa nusu. Wa kulia wakizidi, samaki wengine huzoea kuulinda ubavu wa kushoto, basi wa kushoto hushiba wakaongezeka, kisha mambo hugeuka. Hakuna upande unaoweza kuutoa mwingine kabisa.

Baadhi yenu mtaniuliza kama habari hizi zapingana na mafundisho ya kanisa. Mimi nililelewa katika misheni, na bado nasali humo. Kwangu kazi iliyochukua miaka milioni tisa si ndogo kuliko iliyochukua siku moja. Padre wangu hakunikemea.

Jambo linalonisumbua zaidi ni udongo. Vilima vilivyo juu ya ziwa vikifyekwa mpaka ukingoni na kulimwa bila matuta, mvua huteremsha udongo mwekundu mpaka kwenye miamba. Udongo hufunika ule utando wa kijani, na samaki anayenyofoa nyuzi hupata matope kinywani. Nuru hupungua. Mmekwisha kusikia yaliyotokea Mwanza nuru ilipopungua. Anayelima kilima cha Ikola hadhani kwamba jembe lake lafika chini ya maji, lakini lafika. Matuta ya kukinga maji na mistari ya majani huzuia udongo, na mkulima mwenyewe ndiye wa kwanza kufaidi, kwani udongo ule ni mali yake.

Jambo la pili ni samaki wa mabwawa. Kufuga samaki ni kazi njema. Lakini sato wa Naili ndiye hutafutwa kwa kukua upesi, na Ziwa Tanganyika lina perege wake, Oreochromis tanganicae. Katika Ziwa Viktoria sato alipandwa miaka ya 1950. Ngege, aliyekuwa samaki mkuu wa wavuvi wa huko, karibu ametoweka katika ziwa kubwa, na mabaki yake hupatikana katika maziwa madogo ya kando. Na huko nako damu ya sato imeonekana ndani ya ngege. Bwawa likifurika wakati wa mvua, samaki hawaulizi njia. Mwenye kuchimba bwawa na alichimbe mbali na mto, na kabla ya kununua vifaranga amwulize Bwana Samaki wa wilaya ni wa kabila gani.

Basi jioni tukarudi kwenye debe. Kijana alikuwa amebadili maji mara mbili. Nikamwambia jibu langu: wamekuwa mbali kiasi cha kuvaa nguo mbali mbali, lakini hawajawa mbali kiasi cha kukataana kwa hakika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo nikimmwaga hapa, labda hatapata mwenzi, akafa peke yake. Au labda atapata, na mkanda wetu wa manjano uanze kufifia."

"Ndiyo," nikamwambia. "Na hatutajua ni lipi mpaka wewe uwe na wajukuu."

Yule wa mkanda tulimrudisha kwenye mawe, hatua hamsini tu kutoka tuliposimama. Akazama mara moja katika ufa, na jirani mmoja akatoka kumfukuza. Yule mgeni alilala ndani ya debe usiku ule, akafunikwa kwa kipande cha wavu. Mtumbwi wa mjomba uliondoka alfajiri kwenda kaskazini, na debe lilikuwa ndani yake.